Hoteli Isiyouza Uji

Kwanza mnisamehe kwa mwandiko huu. Niliishia darasa la saba, na tangu hapo mkono wangu umeshika mwiko na mti wa kusukumia chapati kuliko kalamu. Palipokosewa herufi, naomba msome kwa moyo wa kunisaidia. Naandika polepole. Nilipoanza, mahindi yalikuwa yamefika magotini, na sasa watu wanavuna.

Mimi pia si mtu wa kuongea. Mteja akiniuliza jambo, huwa naangalia sufuria. Lakini Babu alinichagua mimi. Alisema, "Baba yako mdogo ataongeza chumvi. Wewe Natalia hujui kupamba. Andika tu."

Hoteli yetu iko kando ya barabara ya Dodoma, ukitoka mjini Babati kuelekea Bonga. Ina meza sita, na nyuma kuna jiko lililo wazi pande mbili. Tunauza chai ya maziwa, chapati, maharage, makande, na perege wa ziwani wakipatikana. Kibao cha nje kina jina la marehemu bibi, ila watu wote husema Hoteli ya Mwanajeshi, kwa sababu Babu Tarmo alipigana vita ya Uganda akiwa mgambo. Medali yake ilining'inia ukutani juu ya orodha ya vyakula. Wageni waliitazama wakisubiri chai. Wengine walimpigia saluti kwa utani, naye aliitikia kwa kichwa tu.

Kulikuwa na mambo mawili ambayo hakuna aliyeruhusiwa kumbishia. La kwanza, hatuuzi uji. Hoteli zote za barabara hii huuza uji asubuhi, sisi hapana. La pili ni kuni. Kila mzigo uliotoka Mutuka kwa mkokoteni wa punda, Babu aliukagua mwenyewe. Aliokota kipande, akakigonga kwa kingine, akasikiliza. Kilicho kavu hulia kwa sauti kali. Kibichi hutoa sauti iliyolala, na hicho alikirudisha.

"Mzee, leo unanunua kuni au unanunua ngoma?" mwenye punda alimtania.

"Shusha hivi," Babu alijibu. "Hivi peleka kwa wanaopenda moshi."

Mtu wa tatu katika habari hii ni Mama Emanueli. Ni mjane wa Bonga, mama mzee sasa, na kwa miaka yote ninayoikumbuka ndiye aliyetuletea maziwa, kwa miguu, kwenye dumu la njano. Babu aliyachukua yote hata siku ambazo hatukuyahitaji, tukagandisha. Aliyapokea akiangalia chini. Nilidhani ni heshima.

Mume wake aliitwa Baran. Alikufa kwenye vita hiyo hiyo, Emanueli akiwa bado tumboni. Na Bonga nzima ilijua alivyokufa. Walisema Baran alishindwa kuvumilia njaa, akawasha moto mchana apike uji, adui akaona moshi, akapiga. Alikufa yeye na wenzake wawili. Kwa hiyo Emanueli alipoanza shule watoto walimwita Uji. Ana mvi sasa na bado anaitwa Uji. Alipotaka kuoa Nangara, wazee wa kule waliuliza kwanza kama ndiye mtoto wa yule mtu wa tumbo. Siku moja alimvunja mtu jino kwa jina hilo, akalala mahabusu.

Sasa siku yenyewe.

Ilikuwa masika. Mlima Kwaraa ulikuwa umevaa wingu hadi miguuni, na ukungu ulijaa barabarani hata pikipiki zikawasha taa. Babu alikuwa amekwenda kliniki kwa ajili ya kifua chake. Baba mdogo Daudi alikuwa kaunta. Nyuma nilikuwa peke yangu na sufuria ya makande, na kuni kavu zilikuwa zimekwisha. Mvua ilikuwa imeingia stoo. Zilibaki zile mbichi ambazo mwenye punda aliziacha ukutani aje azichukue safari nyingine.

Nikafikiri hivi: ukungu ni mzito, moshi hautaonekana. Babu akirudi, makande yatakuwa yameiva na majivu nimeyatoa.

Nikaziwasha.

Zilitoa moshi mwingi mweupe, lakini kweli, ulipofika juu ya bati uliingia kwenye ukungu na sikuuona tena. Nikaendelea na chapati. Mama Emanueli akaingia kwa mlango wa mbele na dumu lake, akaketi kupumzika. Vijana wawili wa bodaboda walikuwa wanakunywa chai.

Kama saa tatu hivi niliona mikono yangu ina kivuli kwenye unga. Nikainua macho. Ukungu ulikuwa umeondoka wote, kwa mara moja, jambo ambalo kwetu ni nadra. Jua lilikuwa linawaka. Na moshi wangu ulisimama juu ya bati, mnyoofu, mpana, unaonekana labda hadi ziwani.

Nikasikia pikipiki ikisimama mbele. Kisha sauti ya Babu.

Sikuwahi kuisikia sauti ile.

"Zimeni! Zimeni moto! Laleni chini!"

Nilipofika mlangoni alikuwa sakafuni, kifudifudi, chini ya meza, mikono juu ya kichwa. Meza moja ilikuwa imeanguka. Chai ilikuwa inatiririka kuelekea usoni kwake.

Kijana mmoja wa bodaboda alicheka. "Babu, vita imeisha bwana! Umeamkia gongo?"

Mwenzake alimpiga kiwiko anyamaze.

Babu hakutusikia. Aliita kwa Kigorowa, lugha yetu, akiangalia upande wa jikoni. "Baran! Toka hapo! Baran, toka, nimewasha mimi! Ni mimi niliyewasha!"

Mama Emanueli alikuwa ameketi hatua mbili kutoka kwake.

Nilikimbia nikamwaga maji kwenye moto, ndoo mbili. Niliporudi, Baba mdogo alikuwa amemwinua Babu, amemkalisha kwenye benchi, na wateja wamekwenda. Babu alikuwa amerudiwa na akili. Alitazama ukuta, akatazama dumu la njano, kisha kwa mara ya kwanza nikamwona akimtazama Mama Emanueli usoni.

"Umeita jina la mume wangu," mama yule alisema. "Umesema umewasha wewe. Umewasha nini?"

"Mama, mzee ana homa," Baba mdogo aliingilia. "Kichwa chake si kizuri siku hizi."

"Daudi, funga mlango," Babu alisema. "Halafu kaa."

Aliyoyasema siku ile, na aliyoniongezea baadaye nilipokuwa naandika, nimeyaunganisha hapa chini. Maneno ni yake.

*

Nilikuwa mpishi. Watu wakisikia mwanajeshi wanaona bunduki. Mimi nilikuwa na bunduki moja na sufuria mbili. Baran na mimi tulipanda lori moja hapa Babati. Wewe mama ulimpa kibuyu cha maziwa ya mgando, tukakimaliza kabla ya kufika Singida.

Tulivuka mto Kagera kwenye mvua. Upande ule kulikuwa na migomba, mibuni, na nyumba ambazo wenyewe wamekimbia. Nyumba moja tulikuta ndizi zikiwa bado zinachemka jikoni. Tulikuwa na njaa, lakini hakuna aliyezigusa. Tulisimama tukitazama mvuke, tukisikiliza.

Tukapanda kilima tukachimba mahandaki. Amri ya jiko ilikuwa moja. Moto uwashwe kabla ya kupambazuka, kwa kuni kavu, na mwanga ukitoka uwe umezimwa. Mchana hakuna moshi. Ng'ambo ya bonde walikuwepo wenye mizinga, nao walikuwa wanatafuta mahali pa kupiga. Tuliwasikia wakipiga huku na kule, kama mtu anayepapasa gizani kutafuta mlango.

Kwa siku tatu mvua haikukatika. Tulikula biskuti. Siku ya nne Baran alikamatwa na homa, meno yakawa yanagongana. Aliniambia, "Tarmo, uji kidogo. Hata nusu kikombe." Nikamwambia asubiri alfajiri. Alfajiri nilijaribu, kuni hazikushika. Kukapambazuka.

Hapo ukungu ukashuka. Ulikuwa mweupe, mzito, sikuona mgomba ulio hatua kumi. Nikaufurahia. Mimi ni mtoto wa chini ya Kwaraa. Ukungu nilioujua mimi, ukishuka asubuhi ya masika, hukaa hadi jua lipande sana. Mama zetu hupika humo ndani na huoni moshi wa nyumba ya jirani. Sikujiuliza kama ukungu wa kwa watu una tabia ya ukungu wa kwetu. Nilijiona najua.

Nikakata mbuni mbichi, nikatia mafuta ya taa, ukawaka. Kisha nilimwita Baran aje aote moto. Hilo mama ulisikie. Hakuja kwa tumbo lake. Alikuwa amelala handakini, nikamwita mimi.

Saidi akaja na kikombe chake. Alikuwa fundi cherehani kabla ya vita, alitushonea viraka kwenye nguo zetu, na sindano aliichomeka kwenye kofia isipotee. Akaja na mwingine tuliyemwita Mrefu. Alikuwa mfugaji wa upande wa Kiteto, masikio yametobolewa, Kiswahili chake kichache. Alichuchumaa karibu na moto akacheka. Alisema, "Moto ya nyumbani."

Uji ukaanza kuchemka. Maji yalikuwa machache. Nikachukua ndoo nikateremka chemchemini, kama hatua sitini.

Nilikuwa nachota nilipoona kivuli changu kwenye tope.

Kivuli.

Nikageuka. Ukungu haukuwepo. Ulikuwa umeinuka wote kama shuka inayovutwa. Moshi ulisimama juu ya migomba, mnyoofu, kama nguzo ya simu.

Nikapiga kelele wazime.

Saidi aliniona. Hakusikia maneno. Akainua kikombe chake kunionyesha.

Kombora la kwanza lilipita juu. La pili liliangukia bondeni. La tatu sikulisikia.

Nilipofika, sufuria ilikuwa imerushwa mbali, imesimama wima, na uji ulikuwa bado ndani. Watu watatu hawakuwepo tena kama watu. Kofia ya Saidi niliiona kwenye mgomba. Sitasema zaidi ya hapo.

Jioni afande aliuliza nani aliwasha moto. Nilikuwa na miaka ishirini na moja. Nilijua adhabu ya kosa lile. Nikamwambia, "Baran alitaka uji, afande."

Ni kweli alitaka. Ukilichukua neno moja moja, sikusema uongo. Afande akaandika. Nyuma yangu alikuwa amesimama mtu wa Bonga, na yeye ndiye aliyetangulia kurudi nyumbani.

Niliporudi mimi, habari ilikuwa imekwisha kukaa. Nikasema nitasema kesho. Nikaoa. Nikafungua hoteli. Siku moja, mama, ukaja mlangoni, una mtoto mgongoni, ukaniuliza kama nanunua maziwa.

*

Alipomaliza, tulisikia malori yakipita barabarani. Mama Emanueli alikuwa na dumu katikati ya miguu yake. Hakulia. Aliuliza jambo moja tu.

"Aliunywa?"

"Hapana," Babu alisema. "Ulikuwa haujaiva."

Aliitikia kwa kichwa mara kadhaa. Akasimama, akajitwisha dumu likiwa limejaa, akatoka. Nilimtazama akienda nalo kwenye barabara ya Bonga mpaka nisimwone.

Siku tatu hakuja mtu kutoka Bonga. Baba mdogo aliondoa visu kaunta akavificha chini ya magunia ya maharage. Alimjua Emanueli. Alimsihi Babu aende Arusha kwa shangazi akapumzike. Babu alikataa. Alitoa kiti chake nje akakaa akiangalia upande wa Bonga, bila fimbo, bila koti, na kile kikohozi. Kila pikipiki iliyotokea upande ule, niliacha sufuria nikachungulia. Sikujua ni ipi itakayosimama.

Siku ya nne moja ilisimama.

Emanueli aliingia bila kumsalimu mtu. Wateja wakaacha kutafuna. Akavuta benchi akakaa mbele ya Babu.

"Nipeni uji," alisema.

Nilisema kwa sauti ndogo kwamba hatuuzi.

"Sikuuliza kama mnauza."

Babu akaniambia, "Natalia, pika."

Nikapika. Nilitia unga kwa haraka hadi ukashika madonge. Nilipouleta, Emanueli aliusukuma upande wa pili wa meza.

"Kunywa wewe."

"Emanueli, kaka yangu, huyu ni mgonjwa," Baba mdogo alianza.

"Nimekuita?" Hakugeuza hata shingo. "Nimeitwa jina la hiki kitu tangu darasa la kwanza. Mama yangu amekuletea maziwa utie kwenye chai yako, mzee, na wewe ukamwambia asante, Mama Emanueli, karibu kesho. Kunywa."

Babu alishika kikombe kwa mikono miwili. Alikunywa taratibu, macho ameyafumba, akakatiza katikati akakohoa, akaendelea. Uji ulimtiririka kidevuni. Yule kijana wa bodaboda aliyecheka siku ile alikuwepo, naye aliangalia viatu vyake.

Kikombe kilipokwisha, Emanueli alisimama. "Jumapili uje Bonga, watu wakitoka kanisani. Useme mbele yao, kwa mdomo huo huo."

Jumapili tulikwenda. Baba mdogo alikuwa ametangulia kusambaza maneno kwamba mzee amechanganyikiwa, kwa sababu aliogopa hoteli itaanguka. Kwa hiyo Babu alipomaliza kusema pale nje ya kanisa, mzee mmoja alimshika bega kwa upole.

"Tarmo, mambo ya zamani hayo. Labda umesahau. Labda ni Baran kweli."

Ulikuwa mlango mzuri wa kutokea. Niliuona. Hata mimi, Mungu anisamehe, nilitamani apite.

Babu alisema, "Mbuni niliukata mimi. Mafuta ya taa nilikuwa nayo mimi, mpishi. Baran alikuwa na homa, hakuweza hata kufunga kamba za viatu. Nilimfungia mimi. Sijasahau."

Akavua kofia. Wazee wengine wakavua zao, sijui kwa ajili ya nani. Emanueli alisimama amekunja mikono. Hakumpa Babu mkono, na sikutegemea ampe.

Ni Mama Emanueli aliyesema. "Na wale wawili? Nao walikuwa na mama zao. Huko walikotoka, mpaka leo kuna watu wanamlaani mume wangu."

Tulipofika hotelini Babu alitoa medali ukutani akaifunga kwenye kitambaa, kisha akaniita nitafute daftari.

Hayo ndiyo yaliyotokea. Sasa maziwa tunanunua Nangara. Mama Emanueli hajarudi. Bonga watoto wameambiwa waache lile jina, lakini watu wazima wengine bado humwita Emanueli Uji bila kukusudia, mdomo umezoea, naye hugeuka, kwa sababu sikio lake nalo limezoea. Miaka arobaini na kitu hairudi kwa maneno ya asubuhi moja nje ya kanisa. Babu anajua hivyo. Hajaniambia kwamba amepata nafuu. Asubuhi anakaa kwenye kiti chake akiangalia barabara ya Bonga, na kifua chake kinazidi.

Kwa hiyo nawaomba ninyi mnaosoma. Saidi alisema alizaliwa Kondoa, alikuwa fundi cherehani, na alichomeka sindano kwenye kofia. Mrefu alikuwa mfugaji wa Kiteto, na jina lake la kweli Babu hakuwahi kulijua, jambo ambalo anasema linamuuma kama yale mengine. Kama nyumbani kwenu kuna baba au mjomba aliyekwenda vita ile asirudi, na mliambiwa aliuawa na moto wa mtu wa Bonga, jueni kwamba haukuwa wa Baran.

Tuandikieni. Hata mistari miwili. Mkimpa barua dereva wa basi linalopita Babati, mwambieni aiache kwenye hoteli isiyouza uji, kila mtu ataionyesha. Nasoma polepole kama ninavyoandika, lakini nitamsomea Babu zote, hata zenye matusi.